Mayotte: kufukuza batu ao kubapatia makaratasi?

Hapa Goma tunabishana tena juu ya Mayotte, kisiwa cha Ufaransa mu bahari ya Hindi: benye baliingia bila ruhusa bafukuzwe ao bapewe makaratasi ya kukaa? Na mi naona ni haki yetu, juu kuko batoto betu benye balipita Tanzania mpaka Komoro, kisha bakapanda kwasa-kwasa, ile mashua kidogo, usiku kutokea Anjouan, kisiwa cha Komoro, kilometa kama 70 tu lakini ile bahari imekula batu sana tangu Ufaransa ilete viza kwa batu ba Komoro mu 1995.

Benye banataka kufukuza banasema kisiwa ni kidogo, kilometa mraba 374, maji ya robine inakatwa, masomo imejaa mpaka batoto banasoma kwa zamu, bengine asubuhi bengine nyuma ya midi. Hiyo siwezi kuikatala, mwenyeji wa kule anachoka kweli. Lakini angalia Wuambushu, ile operesheni ya polisi ya Ufaransa ya 2023, balibomoa nyumba za mabati, bakarudisha batu Anjouan, na bengine bakapanda tu kwasa ingine.

Makaratasi nayo iko na shida: karatasi ya kukaa ya Mayotte haikuruhusu kupanda ndege uende Paris hivi hivi, unafungiwa pale pale na kisiwa kinazidi kujaa. Hiyo karatasi ingefungua njia ya kwenda Ufaransa, mzigo ungegawanyika, kwa hiyo mi niko upande huo kabisa.

Mama moja jirani yetu hapa kartie Birere anafunga foto ya kijana wake mu kitenge, kijana alimupigia simu mara ya mwisho akiwa Komoro, na mpaka leo simu ikilia anaruka.