Soriasisi ya Kichwani: Shampuu, Losheni na Jeli Nilizotumia, na Ipi Inastahili Hela Yako

Habarini wapendwa, karibuni. Leo meza imejaa chupa, na zote ni za kichwa. Wengi mmeniuliza natumia nini, wengine mmeniandikia usiku wa manane mkiwa mmekata tamaa kabisa, kwa hiyo leo tunazichambua: hii inafanya nini, ile haifanyi nini, na ipi ya kuiacha dukani. Hakuna kampuni iliyonilipa wala kunitumia chochote. Nimenunua mwenyewe, na zile za cheti nimeandikiwa na daktari wa ngozi.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Soriasisi si uchafu, si kurogwa, na haiambukizi. Ukitumia kitana changu huipati. Hukaa kwenye familia, lakini haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kugusana. Kinga ya mwili ndiyo inayoishambulia ngozi ambayo haina kosa, na ngozi nayo inajitengeneza kwa kasi isiyo ya kawaida. Seli ambayo kwa mtu mwingine huchukua karibu mwezi mzima kutoka chini hadi juu, kwetu inafika juu ndani ya siku chache. Haijakomaa, haidondoki vizuri, inarundikana juu ya mwenzake. Lile gamba nene unalolikuta ukipitisha vidole nyuma ya sikio ndiyo hiyo. Na hauko peke yako: Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2016, lilitaja watu wasiopungua milioni 100 duniani wenye ugonjwa huu.

Picha nyingi mtandaoni zinaonyesha ngozi nyekundu. Kwa ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta rangi ya zambarau, kijivu, au kahawia iliyokolea kuliko ngozi iliyo pembeni, na juu yake gamba jeupe lililokauka. Angalia pia mpaka wa nywele: paji la uso, nyuma ya masikio, kisogoni. Soriasisi hupenda kuvuka mpaka wa nywele na mwisho wake unaonekana waziwazi, yaani unaweza kuuchora kwa kalamu. Mba wa kawaida hautabiriki hivyo, umetapakaa, gamba lake ni jembamba na lina mafuta mafuta. Na kwa mtoto mwenye mabaka kichwani na nywele zimekatika, tafadhali fikiria mapunye kwanza. Mapunye ni fangasi, yanahitaji dawa ya kumeza, na ukiyapaka losheni ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, utayaficha huku yanaenea. Kwa hiyo mama, usichukue chupa yangu ukampaka mtoto.

Sasa jambo ambalo ndilo limenifanya niwashe kamera. Dawa nyingi zinaonekana hazifanyi kazi kwa sababu haziifikii ngozi. Unamimina losheni ya bei mbaya, inaishia juu ya gamba, ngozi iliyo chini haipati kitu. Halafu mtu anasema nipeni kali zaidi, nipeni ya ghali zaidi. Hapana. Toa gamba kwanza.

Kutoa gamba mimi naanza na mafuta ya nazi, haya ya kawaida kabisa ya kupikia. Hayatibu soriasisi, naomba hilo lieleweke, maana kuna watu wanayauza kwa bei ya ajabu wakisema ni tiba. Kazi yake ni kulainisha. Nayapasha kidogo, najaribu tone moja hapa ndani ya kifundo cha mkono, likiwa vuguvugu tu ndipo napaka kwenye gamba lenyewe, si kwenye nywele nzima. Navaa kofia ya plastiki, nafunga kitambaa juu, nalala. Asubuhi gamba limelegea. Ngoja nisogeze kamera muone. Kitana kinalala hivi, karibu sambamba na ngozi, na kinasukumwa taratibu kuelekea ukingo wa gamba. Linanyanyuka lenyewe, mnaona? Lile linalogoma, liache. Ukilibandua kwa kucha litatoka na damu, na hapo hapo soriasisi itarudi na hasira. Ngozi yetu ikijeruhiwa inaweza kuotesha ugonjwa mahali pa jeraha. Daktari Mjerumani Heinrich Koebner alilieleza hilo karne ya 19, na hadi leo madaktari huliita kwa jina lake.

Tahadhari moja: kama tatizo lako ni mba wa mafuta, kulala na mafuta kichwani kunaweza kuuzidisha, kwa sababu fangasi wadogo wa jamii ya hamira wanaousababisha wanakula mafuta hayo.

Gamba likiwa sugu, hapo ndipo asidi ya salisiliki inaingia. Hii ni Neutrogena T/Sal, ina asilimia 3. Nimeletewa kutoka Marekani, madukani hapa Dar sijaiona mara nyingi. Inavunja kile kinachogandisha seli. Kazi inaifanya vizuri, lakini nywele zetu za kipilipili inazikausha sana, kwa hiyo shampuu ni ya ngozi tu, na urefu wa nywele unapata kondishena mara moja baada ya kusuuza. Hapa nyumbani mbadala ni marhamu ya salisiliki ambayo daktari anaweza kuiandika na famasi ikaichanganya. Wale mlioko Uingereza mna kitu ambacho nakionea wivu, Cocois: lami, salfa na asidi ya salisiliki, vyote ndani ya mafuta ya nazi. Inapakwa, inasubiriwa kama saa moja, inaoshwa.

Twende kwenye shampuu za lami. Ndiyo, lami, inayotokana na makaa ya mawe. Hii ni Neutrogena T/Gel. Soma nyuma ya chupa kabla hujalipa, maana zipo zenye jina hilo hilo ambazo hazina lami ndani. Tafuta maneno Coal Tar. Harufu yake ni ya barabara inayowekwa lami mpya, na kwenye foronya inabaki. Nywele nyeupe au zilizotiwa rangi nyepesi inaweza kuzichafua rangi, na ngozi iliyopakwa inaungua na jua kirahisi, kwa hiyo wazee wangu wenye vipara, kofia. Wengi hukosea muda. Wanapaka, wanasuuza papo hapo. Iache dakika tano mpaka kumi ikae kwenye ngozi. Kwa kuwashwa, naipenda kweli. Inatuliza. Lakini kwa soriasisi nzito haitoshi peke yake, na mwongozo wa 2012 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema wazi kwamba shampuu ya lami isitolewe kama tiba pekee kwa hali kali. Kwangu ni msaidizi wa kushika hali ikishatulia.

Nizoral, hii ya ketokonazoli asilimia 2, nitaipita haraka. Ni nzuri kwa mba na fangasi. Kama una vyote viwili, mba na soriasisi, itakusaidia kwa upande wa mba. Soriasisi halisi haiiondoi, na naumia kuona watu wanarudi kuinunua miezi na miezi kwa sababu muuza duka kawaambia ni "fangasi sugu".

Sasa kiini cha matibabu: losheni za steroidi. Hii ni Betnovate ya kichwani, betamethasoni. Hii nyingine ni Dermovate ya kichwani, klobetasoli, ambayo ina nguvu zaidi. Zote ni za cheti. Ni majimaji, yanakauka haraka, hayaachi mafuta, na mdomo wa chupa umechongoka. Kupaka ni hivi: nagawa kichwa kwa mistari kama nataka kusukwa twende kilioni, mdomo wa chupa unagusa ngozi, nabonyeza kidogo tu. Tone linakimbia kwenye mstari, ndiyo maana kidole kiko hapa chini, lisiteremke usoni au machoni. Nasambaza kwa ncha ya kidole, nahamia mstari wa pili. Nikimaliza naosha mikono. Kama una mpasuko itakuuma, kwa sababu ndani kuna spiriti. Na kwa sababu hiyo hiyo inashika moto: usipake ukiwa karibu na jiko la mkaa, na usikaushie kwa draya.

Muda wake una mipaka. Betnovate kwa kawaida ni hadi wiki nne, Dermovate mara nyingi wiki mbili, halafu unapumzika au unafuata ratiba aliyokupa daktari. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Klobetasoli ndiyo hiyo hiyo inayokutwa kwenye krimu nyingi za kujichubua, kwenye mkorogo. Mnajua yanayowapata watu: ngozi inakuwa nyembamba, michirizi, mishipa inaonekana. Dawa hii inasaidia sana ikiwa mahali pake na kwa muda wake. Usiiteremshe usoni, na usiinunue kwenye meza ya mtu barabarani.

Halafu kuna hii, Daivobet ya jeli, kalsipotrioli, dawa ya jamii ya vitamini D, pamoja na betamethasoni. Ni bidhaa nzuri, sina ubishi. Mara moja kwa siku, haiumi kwenye mipasuko. Ila ni ya mafuta, na watu wanashindwa kuiosha. Siri ni kupaka shampuu nywele zikiwa kavu, ukasugua, ndipo maji yafuate. Ukianza na maji, jeli inang'ang'ania. Tatizo kubwa ni bei, na mara nyingi famasi inabidi waiagize. Je, inastahili? Mwaka 2016 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 59 za dawa za kupaka kwa soriasisi ya kichwani, washiriki zaidi ya 11,000. Mchanganyiko huu uliishinda steroidi peke yake, lakini kwa tofauti ndogo, na wao wenyewe wakaona kwamba kwa matumizi ya muda mfupi steroidi yenye nguvu, hata ile ya jina la kawaida isiyo ya kampuni kubwa, inaweza kutosha. Kwa hiyo dada yangu unayeuza simu ili ununue jeli, usiuze. Mwombe daktari losheni ya betamethasoni ya bei nafuu, tumia hela kidogo kwenye kutoa gamba, halafu uone.

Kuhusu saluni. Nimewahi kuinuliwa kwenye kiti mbele ya wateja, msusi akasema hataki kuwaambukiza wengine. Sikulia pale, nililia kwenye daladala. Siku hizi nazungumza na msusi kabla sijakaa, na namwonyesha nyuma ya sikio. Rasta za kubana sana zinavuta ngozi na kuijeruhi, kwa hiyo naomba mistari mikubwa na mikono mepesi. Dawa ya kulainisha nywele sipaki kabisa vidonda vikiwa wazi. Nywele zikikatika au kupungua msiogope sana, kwa kawaida zinaota tena ugonjwa ukitulia. Wigi ni ruhusa, ila vua nyumbani kichwa kipumue.

Kuna mnaoandika kwamba mmechomwa sindano au mmepewa vidonge vya prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza, na kichwa kikasafika ndani ya siku chache. Kinasafika, ndiyo. Shida inakuja mkiviacha: soriasisi inaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo, hata kwa mtindo wa vijipu vya usaha mwili mzima, na huko ni kulazwa. Tena, dawa kama propranolol, lithiamu na klorokwini zinaweza kuichochea. Usiache dawa ya presha kwa sababu yangu, jamani, itaje tu kwa daktari. Na yeye akiona dawa za kupaka hazitoshi, zipo za kumeza kama methotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku; kuimeza kila siku kumeua watu. Mjamzito haimezi kabisa.

Kingine ni vidole. Kama asubuhi vinaamka vimevimba na kukakamaa, au kucha zimetobokatoboka vishimo vidogo, sema kliniki siku hiyo hiyo. Soriasisi inaweza kuingia kwenye viungo, na kiungo kikishaliwa hakirudi kilivyokuwa.

Kwa Tanzania, hospitali ya Muhimbili wana kliniki ya ngozi, na Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, ambacho kimefundisha wataalamu waliosambaa nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo hata hospitali ya mkoa wako uliza kama wana mtaalamu wa ngozi, huenda yupo. Siku ya kwenda fumua nywele zote, usipake mafuta wala dawa asubuhi ile, acha gamba lionekane. Na beba kila chupa uliyowahi kutumia, hata kile kikopo kisicho na lebo ulichouziwa mtaani. Hicho ndicho daktari atataka kukiona kwanza.