Kipimo cha mimba: kipi ununue, na lini ukitumie

Vipimo vya mimba vya kupimia nyumbani, cha bei ndogo hadi kile cha kidijitali, vyote hutafuta kitu kimoja kwenye mkojo: homoni ya hCG, inayoanza kutolewa mimba ikishajishikiza kwenye mji wa mimba. Ukipima siku chache tu baada ya kukutana na mwenzako, hata cha bei kubwa kitasema hapana. Subiri siku zako zipitilize. Kama mzunguko wako haueleweki, hesabu siku 21 tangu tendo.

Namba moja kati ya vyote naupa ukanda wa kuchovya. Ni wa bei ndogo kuliko vyote, na unaweza kununua miwili ili urudie baada ya wiki. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwenye kikombe safi. Usizamishe kupita alama ya juu. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi 3 hadi 5. Mstari wa pili, hata ukiwa hafifu, maadamu una rangi, ni ndiyo. Kivuli cha kijivu utakachokiona baada ya nusu saa usikihesabu; mkojo ukikauka huacha alama. Na mstari wa uhakiki, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, tupa, chukua kingine.

Cha pili ni kile chenye kidirisha, unachodondoshea matone. Kazi ni ileile, ila huwezi kukizamisha kupita kiasi. Cha kukojolea moja kwa moja kinafuata: unalipia plastiki na urahisi.

Cha kidijitali nakiweka mwisho. Ndani yake mna ukanda uleule, na mashine ndiyo inayokusomea. Kinamfaa asiyeona vizuri au anayebabaishwa na mistari.

Kabla ya kulipa, tazama tarehe ya kuisha muda na kiwango cha hCG. Namba ikiwa ndogo, kipimo ni chepesi zaidi kunusa: kilichoandikwa 10 mIU/ml kinainasa homoni ikiwa bado kidogo, ambayo cha 25 kinaweza kuikosa.

Dawa ya meno, chumvi na sukari havipimi mimba. Povu halina habari yoyote, na wasichana wengi wamepotezewa wiki za thamani kwa kuliamini.

Vidonge vya uzazi wa mpango navyo haviharibu majibu, wala pombe, wala antibiotiki. Zinazoweza kudanganya kipimo ni sindano za kutibu ugumba zenye hCG yenyewe. Vidonge vya dharura, vile vya kuzuia mimba baada ya tendo, havitoi mimba iliyokwisha kushika. Huchelewesha yai kutoka, ndiyo maana huwahiwa, vingi ndani ya saa 72. Vinaweza pia kusogeza siku zako, basi zikichelewa zaidi ya wiki, pima.

Kipimo kikisema ndiyo na una maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu au damu inatoka, nenda hospitali sasa hivi. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wa mimba, na hilo ukanda hauwezi kukuonyesha.