Mwaka mzima kwenye utafiti wa presha, Kisumu: uzoefu wangu

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa pale soko la Kibuye. Mshahara hakuna. Kila nikienda kliniki nilipewa shilingi 500 za nauli na kufidia muda, natia sahihi, basi. Jumapili soko likichangamka, dagaa wangu, omena, hunipa zaidi ya hizo kabla ya saa sita. Ukiwa unafuata pesa, kaa sokoni na gorogoro lako, lile kopo la kupimia.

Mimi nilifuata dawa. Presha ninayo miaka mingi, na vidonge vya kliniki ya serikali vikiisha nilikuwa nakaa tu hadi kichwa kinigonge. Sista mmoja akaniambia kuna watafiti wanalinganisha kidonge kimoja chenye dawa kadhaa ndani yake na zile dawa tulizozoea. Nikaenda kusikiliza.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, Kiswahili na Kidholuo, ujichagulie. Nilisomewa karibu saa nzima, nikasinzia mara moja, sikatai. Mwishoni sista akaniuliza, "Sasa mama, niambie kwa maneno yako, ukichoka katikati utafanya nini?" Nikajibu kwamba nitavumilia, si nitakuwa nimeshatia sahihi? Akacheka, akafungua kurasa kurudi nyuma. "Hapana mama. Ukichoka unaondoka siku hiyohiyo, wala matibabu yako ya kawaida hayaguswi." Hakuniruhusu kutia sahihi mpaka nilipolirudia hilo mwenyewe. Nakala niliondoka nayo, ina namba ya daktari na namba ya kamati ya maadili. Hiyo kamati ndiyo hupitisha utafiti kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, na ukidhulumiwa unaipigia bila kupitia kwa daktari wako. Usikubali kuondoka bila hiyo nakala.

Nani apate kidonge kipi, kompyuta ndiyo iliyochagua kwa bahati nasibu. Vyote vilifanana, na hata daktari aliyenipima hakujua changu ni kipi. Damu walitoa vichupa viwili, kama vijiko viwili vya chai. Jirani alishaapa kwamba wanaiuza, na sijaweza kumtoa huko hadi leo.

Kilichonikera ni gari. Nilipokosa siku moja ya kliniki walinifuata nyumbani Manyatta na gari kubwa jeupe lenye maandishi ubavuni, likaegeshwa mbele ya mlango wangu saa nne asubuhi. Hapa kwetu gari la namna hiyo likisimama kwako, mtaa mzima umeshakupa ugonjwa. Nilisikia minong'ono wiki mbili, na mteja wangu mmoja wa samaki akahama. Niliwaambia wazi, wakaomba radhi, tangu hapo wakawa wanapiga simu au mhudumu anakuja kwa boda akiwa na nguo za kawaida. Hilo walipaswa kuliwaza kabla.

Na mimi nina kosa langu. Kila ziara unabeba kopo, wanahesabu vidonge vilivyobaki. Mwezi wa tatu nilikuwa matangani Siaya na kopo nikalisahau nyumbani siku nne. Asubuhi ya kliniki nikatupa vidonge vinne chooni ili hesabu ikae sawa. Niliona nawasaidia, kumbe nilikuwa nawaharibia. Hapahapa Kisumu ulifanyika utafiti wa wanawake 449 kuona kama doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ikimezwa baada ya tendo la ndoa, inazuia magonjwa ya zinaa. Wengi walisema wanameza. Nywele za baadhi yao zilipopimwa, dawa ilionekana katika sampuli 29 kwa kila 100. Majibu yakatoka mwaka 2023 kwamba haikuwapunguzia maambukizi, na sasa nani atajua kama dawa ilishindwa au ilibaki kwenye kopo? Niliposikia habari hizo nikavikumbuka vyangu vinne. Ziara iliyofuata nilimweleza sista. Hakunifokea, aliandika tu, akanifundisha kuviweka karibu na majani ya chai, maana chai siikosi.

Huduma yenyewe ilikuwa nzuri kuliko niliyoizoea. Presha ilipimwa mara tatu, nikiwa nimekaa na kupumzika kwanza, na waligundua damu yangu imepungua, wakanipa dawa ya kuongeza damu bure. Ila kungoja! Ukiitwa saa mbili unaonwa saa tano.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo moja na nusu ni gari, foleni, na hili: mwaka wa pili sasa tangu nirudishe kopo la mwisho, na hakuna aliyekuja kutuambia kidonge kilifaa au hakikufaa. Nilirudishwa kwenye dawa za zamani bila neno. Juzi nilipiga ile namba iliyo kwenye nakala yangu. Kijana akaniambia, "Bado tunachambua, mama." Nimemwambia nitapiga tena mwisho wa mwezi, na namba nimeibandika ukutani juu ya majani ya chai.