Sindano za timosini alfa-1 kwa hepatitisi B: uzoefu wangu nikiwa Arua

Naandika hii kwa sababu watu wananiuliza mpaka sokoni, nakata kitenge huku naulizwa mambo ya ini, na wengi wamesikia tu kwamba kuna sindano ya peptidi (kipande kifupi cha protini) ya kuamsha kinga, timosini alfa-1, ambayo inafuta hepatitisi B mwilini. Haifuti, hilo naliweka mbele kabisa. Lakini si dawa ya uongo pia. Mi nimeitumia miezi sita nikiwa chini ya daktari, na nitasema nilivyoiona.

Mi nina hepatitisi B sugu, ilionekana kliniki ya wajawazito nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili. Huku West Nile si habari ngeni, ugonjwa huu kaskazini ya Uganda umekuwa mwingi kuliko sehemu nyingi za nchi na ndo maana chanjo ya watu wazima ya serikali ilipoanza 2015 ilianzia wilaya za kaskazini. Nameza tenofoviri, kidonge cha kuzuia virusi, miligramu 300 kila siku, naichukua bure hospitali ya serikali, na virusi vilishashuka mpaka mashine haivioni. Kilichobaki ni HBeAg, ile protini ya kirusi ambayo daktari anataka ipotee ili ajue kinga yako yenyewe imeanza kushika usukani. Yangu iligoma. Sasa daktari wa ini ninayemwona Kampala akaniambia, "Mama, kuna kitu tunaweza kuongezea kama familia inaweza sente zake, ila sikuahidi." Akanieleza kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 umesimama kwenye tenofoviri na entekaviri, timosini haimo, kwa hiyo ni ya kuongezea tu na vidonge siviachi hata siku moja. Hapo ndo nilipomwamini, coz mtu anayetaka kukuuzia dawa haongei hivo.

Timosini alfa-1 ni peptidi ya amino asidi 28, mwili wenyewe unaitengeneza, na iligunduliwa kutoka kwenye tezi ya thaimasi ya ndama na kundi la Allan Goldstein huko Marekani miaka ya 1970. Thaimasi iko kifuani nyuma ya mfupa wa kati na ndiko seli T zinakokomaa, zile askari wa kinga zinazotambua seli zilizoshikwa na virusi na kuziua. Ya dukani haitolewi tena kwa ndama, inatengenezwa maabara, jina lake la kitabibu ni timalfasini na brandi inayojulikana zaidi ni Zadaxin. China na nchi nyingine nyingi zimeiandikisha, Marekani haijapitishwa kuuzwa kama dawa ya hepatitisi.

Kuipata ndo shughuli yenyewe. Shemeji yangu anafanya biashara Guangzhou, China, daktari akaandika barua na cheti cha dawa, shemeji akanunua kwenye famasi ya hospitali huko, boksi limefungwa, lina namba ya bechi na tarehe ya kuisha. Nilitaka picha ya kila upande wa boksi kabla hajalipa na alinivumilia, Mungu ambariki. Bei inauma, kichupa kimoja tu ni sente za kulisha nyumba yetu siku nyingi, na unahitaji viwili kila wiki, piga hesabu ya miezi sita mwenyewe.

Alafu kuna baridi. Dawa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, yaani ndani ya friji lakini isigande, na mtu akisafiri na basi la usiku kutoka Kampala mpaka Arua anajua joto la lile basi likisimama Karuma au Pakwach. Tulibeba kwenye kibebeo cha chanjo chenye barafu, na vichupa tukavizungushia taulo ili visigusane na barafu moja kwa moja yaani ibaki ndani ya nyuzi hizohizo. Nyumbani umeme wa Arua mnaujua. Sikuthubutu kuweka zote kwangu, nilikubaliana na kliniki moja yenye friji ya sola ya dawa, nikawa naenda kudungwa palepale, na kwa kweli kama huna mpango wa friji wa kuaminika usianze hata kununua, utatupa sente kwenye kitu ambacho hujui kama bado ni dawa.

Dozi yangu ilikuwa ile ya kwenye karatasi ya dawa, miligramu 1.6 mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi ili zipishane siku tatu au nne. Mtu wa chini ya kilo 40 anapigiwa hesabu kwa uzito, mikrogramu 40 kwa kila kilo. Kichupa kina unga mweupe, sista anachanganya na mililita moja ya maji ya sindano yanayokuja nayo, anazungusha polepole bila kutikisa, anadunga hapohapo. Ni chini ya ngozi, tumboni au kwenye mkono, si kwenye mshipa, na ukikutana na mtu anayetaka kuitia kwenye dripu mwambie asome karatasi kwanza. Sindano ni nyembamba, huisikii sana. Kwa hepatitisi B watu wanapewa miezi sita mpaka kumi na mbili.

Madhara kwangu yalikuwa machache. Pale ilipoingia palikuwa pekundu na panawasha kidogo, kesho yake pamepoa. Homa sikupata, nywele hazikutoka, sikulala kitandani kama wanavyolala waliodungwa interferoni, sindano nyingine ya hepatitisi. Kilichonitia hofu ni ALT, kile kipimo cha ini, mwezi wa tatu kilipanda kikazidi mara mbili ya nilipoanzia na mi nikajua ini limeharibika, usingizi ukakata. Daktari akaniambia kwenye simu kwamba hii inajulikana, kinga ikiamka inashambulia seli za ini zenye virusi na ALT inapanda kwa muda, cha kuangalia ni kama macho yanakuwa manjano, bilirubini (ile rangi ya manjano kwenye damu) inapanda au damu inachelewa kuganda. Tukarudia vipimo, hayo mengine yote yalikuwa sawa, ALT ikashuka yenyewe. Lakini fikiria mtu aliyejidunga chumbani bila kipimo hata kimoja, angejuaje kama hii ni kinga inaamka au ini linakufa? Kwangu hili ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye habari hii ya peptidi, vipimo vya damu ni sehemu ya dozi.

Matokeo sasa, maana ndo mnayoyataka. Mwisho wa miezi sita HBeAg ilikuwa imeshuka lakini ipo, na kwenye kipimo cha baadaye ikawa haionekani. Nilifurahi, nilipiga magoti. Ila siwezi kusema ni timosini, kwa sababu tenofoviri peke yake pia huwa inafanya hivyo kwa baadhi ya watu na mi nilikuwa nayo muda wote. HBsAg, ile alama ya kirusi inayoonyesha bado unacho, bado ipo, yaani hepatitisi B bado ninayo. Daktari alinionyesha utafiti wa Taiwan uliotoka 1998, wagonjwa 98, waliodungwa wiki 26 walioitikia walikuwa asilimia 40.6 baada ya miezi 18 na wasiodungwa 9.4, ukisoma huo peke yake unauza shamba uende China. Alafu akanionyesha wa Marekani wa 1999 ambao tofauti haikutosha kuthibitisha kitu. Na kwa wale wanaosema inaongeza kinga ya kila kitu, kuna jaribio kubwa la China kwa wagonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi makali yaliyolemea mwili mzima, watu 1,106, lilitoka 2025, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 23.4 kwa waliopewa na 24.1 kwa wasiopewa, yaani karibu sawasawa.

Kitu kingine, zile chupa za unga zinazouzwa mtandaoni kwa bei nafuu, zimeandikwa ni za utafiti tu, si za binadamu. Niliulizwa na dada mmoja kama azichukue, nikamwambia hapana na narudia hapana. Hazina maelezo ya kueleweka, unachanganya mwenyewe. Chupa ya miligramu 5 ukiweka mililita moja ya maji, miligramu 1.6 inakuwa yuniti 32 kwenye sirinji ya insulini, ukiweka mililita mbili inakuwa 64, mtu mmoja amesoma huku mwingine kule na kila mmoja anajidunga kitu tofauti. Na hapo bado hatujajua kama ndani kuna timosini kweli, au kama ni safi. Kitu kinachoingia mwilini kwa sindano kikiwa na bakteria hakipiti tumboni kuchujwa.

Aliyepandikizwa figo au kiungo chochote na anatumia dawa za kushusha kinga asiiguse, inaweza kuamsha mwili upigane na kile kiungo. Mwenye ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wake, kama lupasi, aongee na daktari kwanza. Mjamzito mwenye hepatitisi B ana tenofoviri, na mtoto ana chanjo, hiyo ndo njia yake.

Kama ningekuwa sina shemeji Guangzhou nisingeitafuta. Mtu wa Arua, Koboko au Nebbi mwenye sente kidogo, azitumie kwa nauli ya kufuata vidonge vyake bila kukosa na kwa vipimo vya ALT na wingi wa virusi, na asiache tenofoviri ghafla kwa sababu amesikia habari ya sindano, virusi vinaweza kurudi kwa nguvu na ini likashindwa. Mwenye uwezo, daktari wa ini na friji ya uhakika, dawa ni nzuri, haisumbui mwili, na majibu anaweza kuyapata au asiyapate.