Movi za kauboi za kununua: mgeni akisingiziwa, anza na hizi

Kama unapenda zile movi za kauboi ambazo mgeni anaingia, kesi si yake ila kitanzi kishafungwa, na unataka diski za kukaa nazo nyumbani, mi napanga hivi.

Namba moja ni The Ox-Bow Incident ya 1943, wala sibishani na mtu. Haina rangi, ina dakika 75 hivi, watu wanaipita kwa sababu hiyo tu na wanakosa kitu kikubwa sana. Wanakijiji wa Nevada wanasikia mwenzao kauawa, wanapanda farasi usiku, wanawakuta watu watatu wamelala porini na ng'ombe wake, kijana anasema nimewanunua, risiti iko wapi, kaahidiwa atatumiwa kwa posta. Basi. Kuna pale wanapigishwa kura, anayetaka wasubiri sheria avuke asimame upande ule, angalia miguu ya watu hapo, wanaovuka ni wachache mno. Halafu Henry Fonda aliyecheza humo, 1919 akiwa na miaka 14, aliona kwa macho yake umati wa mji wa Omaha, Marekani, ukimuua mtu mweusi, ndo maana ule uso wake si wa kuigiza.

Ya pili Sergeant Rutledge, 1960. Woody Strode ni sajenti mweusi anashtakiwa kwa kubaka na kuua, hadithi inatoka kwa mashahidi mmoja mmoja mahakamani. Vichekesho vya mke wa jaji vinaboa, ila Strode akipanda kizimbani utasahau vyote.

Hang 'Em High ya 1968 naiweka ya tatu, Clint Eastwood risiti anayo kabisa ila aliyemuuzia ng'ombe ndo muuaji mwenyewe, watu tisa wanamtundika. Mwanzo mkali, katikati inajikokota. Johnny Guitar ya 1954 chukua hela ikibaki, humo anayesakamwa ni mwanamke mwenye baa.

Kabla hujalipa angalia namba ya kanda nyuma ya kava, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, DVD ya Marekani ni kanda 1, huku kwetu Afrika Mashariki ni 5, na Blu-ray ya kule ni A, yetu ni B, deki isiyosoma zote itaikataa. Na hiyo ya 1943 kwenye TV pana lazima iwe na mistari mipana myeusi pembeni kulia na kushoto, ikijaza skrini nzima ujue picha imekatwa au imevutwa, iache.