Kuandamana au kukataa kwenda vitani: London 2003 na Houston 1967
Serikali ikitaka vita wasivyovitaka wananchi, huanza kwa kuwatia hofu. Mwaka 1964 Marekani ilidai meli zake zimeshambuliwa mara mbili Ghuba ya Tonkin, kwenye pwani ya Vietnam. Shambulio la pili halikutokea kabisa. Mwaka 2002 Uingereza ikasema Iraq inaweza kuwa na silaha za maangamizi tayari kwa matumizi ndani ya dakika 45. Hazikuonekana hadi leo.

Mwananchi afanyeje? Kuandamana ndiyo njia nyepesi. Februari 15, 2003 watu walifurika London hadi bustani ya Hyde Park kupinga vita vya Iraq; polisi walikadiria 750,000, waandaaji wakataja zaidi ya milioni. Unakwenda, unapaza sauti, jioni uko kwako. Umati ule ulitisha kweli, ila mwezi uliofuata Bunge liliidhinisha vita na mabomu yakaanza.

Kukataa ni habari nyingine. Aprili 28, 1967, mjini Houston, Marekani, bondia Muhammad Ali aliitwa (tena kwa jina alilokwishaliacha, Cassius Clay) apige hatua moja mbele aingie jeshini wakati wa Vita vya Vietnam. Akabaki palepale. Hatua moja tu, nayo ikamgharimu ubingwa, leseni ya ngumi na hukumu ya miaka 5 jela, iliyofutwa na Mahakama ya Juu mwaka 1971.

Kwangu mimi, kukataa kunaiuma serikali zaidi, maana vita bila askari havipiganwi. Tatizo ni kwamba lazima uwe umeitwa kwanza. Waandamanaji wa London hawakuitwa na mtu. Jeshi lao ni la kujiunga kwa hiari.