Vifaa vya punguzo kwa kompyuta ya gemu Nairobi: kipi kinafaa, kipi kiachwe

Nairobi haikosi punguzo la vifaa vya kompyuta. Lipo Novemba msimu wa Black Friday, lipo duka linapotaka kuondoa mali iliyokaa, na lipo siku yoyote kwenye maduka madogo ya Luthuli Avenue na maghorofa ya Moi Avenue, ambako bidhaa za Ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, huuzwa bega kwa bega na mpya. La kuuliza ni punguzo hilo limewekwa kwenye kifaa gani. Kuna vifaa unavyoweza kuvipima palepale kaunta ubovu wake ukajitokeza, na kuna vingine vinavyoficha ubovu hadi miezi ipite, kisha vikifa vinakufa na wenzao. Vya kwanza vitafute kwa bei ya kutupa. Vya pili lipa bei kamili, na uondoke na waranti yake.

Mashine inayopimwa hapa ni ya kucheza gemu za sasa kwa 1440p (ukali wa picha ulio chini ya 4K) kwenye skrini ya 144Hz (picha 144 kwa sekunde) au zaidi, na kuimudu 4K ukipunguza mipangilio kidogo. Kiini chake ni prosesa ya AMD Ryzen 7 7800X3D na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 16.

Kabla ya kuamini karatasi nyekundu iliyobandikwa kwenye boksi, piga hesabu mwenyewe. Chukua bei ya uzinduzi kwa dola, igeuze iwe shilingi, ongeza VAT ya asilimia 16. Dola ikiwa karibu shilingi 129, kadi ya Radeon RX 9070 XT iliyozinduliwa Machi 2025 kwa dola 599 inakaribia shilingi 89,600. GeForce RTX 5070 Ti ya dola 749 inafika kama 112,000, na 7800X3D ya dola 449 kama 67,000. Hapo nauli, ada za forodha na faida ya muuzaji bado. Kwa hiyo duka likikupa 9070 XT kwa 105,000 na kudai imeshuka kutoka 150,000, hiyo ni bei ya kawaida iliyovalishwa nguo za sikukuu. Na mtu akikuuzia hiyo hiyo kwa 55,000 akisema ni mpya, si mpya, au siyo yenyewe.

Kadi ya grafiki ndiyo inayokula pesa nyingi zaidi, na ndiyo yenye punguzo kubwa zaidi kwa iliyotumika au iliyofunguliwa boksi. Habari njema ni kwamba inapimika. Anza kwa macho. Linganisha nambari ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye kadi na ile ya boksi. Tazama skrubu zinazoshika kipozeo: zikiwa zimechubuka vichwa, kadi imeshafunguliwa, na una haki ya kuuliza kwa nini. Chungulia pembeni uone kama kuna mafuta yanayovuja kutoka kwenye pedi za joto. Hayo peke yake si ugonjwa, lakini yanakuambia kadi imefanya kazi kwa joto kali muda mrefu. Kama kadi inatumia tundu la umeme la pini 16, limulike kwa tochi ya simu. Plastiki ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia, au tundu moja limepanuka kuliko mengine, irudishe kaunta. Matundu haya yalianza kuyeyuka kwenye RTX 4090 mwaka 2022, na sababu iliyotajwa sana ni plagi ambayo haikusukumwa hadi mwisho.

Kisha iwashwe. Hapa usione haya: "Boss, hebu iweke kwenye mashine tuione ikifanya kazi." Muuzaji akianza kusema hana mashine ya kupimia, au fundi ametoka kwenda kula, subiri fundi arudi au nenda duka jingine. Kuna kadi za 4090 zilizouzwa zikiwa zimeng'olewa chipu na kumbukumbu, kipozeo kikafungwa tena vizuri; kwa nje hutajua, na huyo aliyelipa bila kuiwasha ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mashine ikiwaka, fungua GPU-Z, programu inayosoma undani wa kadi. Soma jina la chipu, kiasi cha kumbukumbu na idadi ya ROP, vitengo vinavyokamilisha picha ndani ya chipu. Mwanzoni mwa 2025 NVIDIA ilikiri kwamba sehemu ndogo ya kadi za mfululizo wa 50 zilitoka kiwandani zikiwa na upungufu wa ROP nane. RTX 5070 Ti nzima lazima ionyeshe 96. Ukiona 88, hiyo ni kadi yenye kasoro, na huenda ndiyo sababu iko kwenye meza ya punguzo. Upotevu wa kasi ulikadiriwa kuwa wastani wa asilimia 4, kwa hiyo inatumika, ila bei yake iseme hivyo.

Baada ya hapo endesha FurMark, programu inayoichosha kadi, dakika 10 hadi 15 huku HWiNFO, inayosoma joto, ikiwa wazi pembeni. Usitazame joto la wastani peke yake. Kwa kadi inayoyaonyesha yote mawili, tazama pengo kati ya joto la wastani na la sehemu yenye joto zaidi ya chipu. Pengo likizidi nyuzi 25 au 30, gundi ya joto imekauka au kipozeo hakijakaa sawa. Hilo fundi mzuri hulimaliza kwa gundi mpya, nawe lipunguze kwenye bei. Kwa kadi zenye kumbukumbu ya aina ya GDDR6X, kama RTX 3080 na 3090, soma pia joto la kumbukumbu: likikaribia nyuzi 110 kadi hujipunguza kasi yenyewe. Sikiliza feni. Mlio wa kukwaruza ni beringi zimeisha. Hizi 3080 na 3090 nyingi zilichimba sarafu za kidijitali hadi Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji. Kuchimba kwenyewe hakuiui kadi iliyotunzwa, kinachochoka ni feni na pedi.

Kati ya mbili za sasa, kwa gemu tupu 9070 XT ndiyo yenye thamani zaidi kwa kila shilingi, hasa ikiwa pengo la bei linazidi 20,000. Ichukue 5070 Ti kama unatumia Blender au programu nyingine inayotegemea CUDA, teknolojia ya NVIDIA pekee, au unapenda miale ya mwanga ikiwa imewashwa kikamilifu. Jihadhari na majina yanayofanana: RTX 5060 Ti ipo ya GB 8 na ya GB 16, na ile ya GB 8 haina nafasi kwenye mashine hii hata ikiwa ya bure.

Prosesa ni kifaa salama zaidi kununua ikiwa imetumika, kwa sharti la AMD. Ya AM5, soketi ya sasa ya AMD ambayo 7800X3D hukaa, haina pini. Pini zote ziko kwenye madabodi. Kwa hiyo 7800X3D isiyo na boksi, ikiwaka na kupita OCCT, programu ya kuichosha prosesa, kwa nusu saa, ni salama kuinunua, mradi ukumbuke waranti ya miaka mitatu ya AMD ni ya zile za boksi. Kwa Intel hali ni tofauti. Core i9 na i7 za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na hitilafu ya volteji inayoziharibu taratibu. Marekebisho yalitoka 2024, la mwisho kati ya yale makuu likiwa 0x12B la Septemba, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia, na huwezi kujua iliyo mkononi mwako iliendeshwa miezi mingapi bila hayo. Bei ya 13900K au 14900K iliyotumika inavutia sana. Iache.

Madabodi ya punguzo ndiko pini zinakoonekana, au zinakokosekana. Ondoa kifuniko cha soketi, laza tochi pembeni, mwanga upite sambamba na pini badala ya kutoka juu. Pini zote 1,718 zinapaswa kung'aa kwa mpangilio mmoja; pini iliyopinda huonekana kama kidoti cheusi au mng'ao ulioenda upande. Pini moja tu iliyoharibika inaweza kuua njia nzima ya RAM. Duka lisilokubali kifuniko kifunguliwe halijakuuzia kitu unachokijua.

Madabodi ya daraja la B650 inatosha kabisa. Lakini nyingi za punguzo ni za mwaka 2023 na zimekaa rafu na BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ya zamani, na hilo lina madhara mawili. Kwanza, kabla ya marekebisho ya 2023 baadhi ya madabodi zilipeleka volteji ya SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia RAM, juu mno EXPO (mpangilio wa kuiongezea RAM kasi) ikiwashwa, na 7800X3D kadhaa zikaungua. BIOS za baadaye zinaizuia isivuke 1.3V. Pili, prosesa mpya zaidi ya 9800X3D haitawaka kabisa bila BIOS mpya. Chagua madabodi yenye kitufe cha kuweka BIOS bila prosesa: faili kwenye flashi ya FAT32, jina libadilishwe kama kitabu kinavyosema, pawa saplai iwashwe, bonyeza. Fanya hivyo kwanza, EXPO baadaye.

RAM ndipo punguzo limekuwa adimu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya DDR5, RAM inayotumiwa na AM5, imepanda vibaya kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina lake la RAM na SSD kwa wateja wa kawaida. Ushauri wa siku zote ni vijiti viwili vya GB 16, 6000 CL30 (6000 ni kasi, CL ni ucheleweshaji, ukiwa mdogo ni bora). Lakini kache (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya MB 96 ya 7800X3D inaifanya isitegemee sana kasi ya RAM, kwa hiyo 5600 au 6000 CL36 ikiwa nafuu ichukue bila kusononeka. Usinunue kijiti kimoja ukisema utaongeza, na usijaze vijiti vinne: AM5 hushusha kasi. Iliyotumika ipitishe MemTest86, programu ya kupima RAM, mzunguko mzima. Kosa moja tu linatosha kuirudisha.

SSD iliyotumika husema ukweli wake kwenye programu ya CrystalDiskInfo: saa ilizowashwa, data iliyoandikwa, afya. Afya ikiwa chini ya asilimia 90, bei nayo ishuke sana. Mpya ya bei ya ajabu ipime kwa programu ya H2testw, maana TB 2 za uongo hukubali kupokea faili na kuzipoteza.

Pawa saplai usinunue iliyotumika. Sina ulegevu hapa. Haipimiki kaunta: itawaka, feni itazunguka, na capacita zilizochoka zitangoja siku kadi itakapovuta ghafla mara mbili ya kawaida yake. Nunua mpya ya wati 850, ya kiwango kipya cha ATX 3.1, yenye waranti ya miaka 7 hadi 10 kutoka kwa duka linaloweza kuitekeleza hapa. Nembo ya 80 Plus Gold inapima ufanisi wa umeme, haipimi ulinzi, kwa hiyo Gold ya kampuni isiyojulikana si kinga. Kebo za modula, zile zinazochomoka, zisichanganywe kati ya pawa saplai mbili hata kama zinaingia, kwa kuwa upande wa pawa saplai hauna mpangilio mmoja. 12V ikifika mahali pa 5V diski zote za kebo hiyo zinaungua sekunde hiyo hiyo. Na ukikuta ya kizamani yenye swichi nyekundu ya 115/230 kutoka Marekani, ikiwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu wa 240V, utasikia mlio.

Umeme wa Nairobi unadai zaidi. TV guard hukata volteji ikipanda au ikishuka, ila haihifadhi chochote stima zikipotea. UPS ndogo ya 650VA haina hata wati 400. Mashine hii ikicheza inavuta zaidi ya hizo, na itaangushwa papo hapo. Soma wati, siyo VA: tafuta inayotoa 900.

Kipozeo na kasha ni rahisi. Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright, kimo cha milimita 155, inaipoza 7800X3D bila jasho. Vipozeo vya maji vilivyotumika viache, pampu huchoka na maji hupungua. Kasha liwe la wavu mbele: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu. Baridi ya Julai hufidia, vumbi la Januari halifidii. Kichujio kioshwe.

Ukishaunganisha, mambo matatu huwatuma watu kwa fundi bila sababu. AM5 huweza kukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi mara ya kwanza ikijifunza RAM, usiizime. Vijiti vikae tundu la pili na la nne kutoka kwa prosesa. Na kebo ya skrini iingie kwenye kadi, siyo kwenye madabodi.

Kuhusu mpangilio wa kununua, watu wengi huanza na kadi kwa sababu ndiyo iliyo na ofa. Muda wa kurudisha huanza kuhesabiwa siku ya risiti. Kadi ya Novemba ikingoja madabodi hadi Februari, itawaka mara ya kwanza wakati duka limeshafunga mlango wa kurudisha. Anza na pawa saplai, madabodi, prosesa na RAM. 7800X3D ina grafiki yake ndogo, kwa hiyo mashine itawaka na utaipima bila kadi. Kadi ije mwisho. Risiti iwe ya eTIMS, mfumo wa KRA, na iandikwe nambari ya utambulisho ya kila kifaa kwa mkono kama mashine haichapi. Muhuri wa "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi" haufuti Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayotaka bidhaa iwe ya ubora unaofaa. Ila bila nambari hiyo kwenye karatasi, muuzaji atasema kadi uliyorudisha siyo aliyokuuzia.